Laptopu ya Bei Nafuu: Ikague Kabla ya Kurudi Tseikuru

Mkazi wa Tseikuru anayenunua laptopu mjini Mwingi hugharamika nauli tena ikibidi airudishe. Ni vyema kuikagua dukani, muuzaji akiwepo.

Anza na betri, hasa kwa laptopu iliyotumika. Kwenye Windows, fungua Command Prompt na uandike: powercfg /batteryreport. Ripoti hulinganisha uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake sasa. Ikiwa 40,000 imeshuka hadi 20,000, chaji itadumu takriban nusu ya muda. Umeme ukipotea, kazi itakatika mapema.

Kisha angalia RAM na hifadhi. Windows 11 huhitaji angalau GB 4 na GB 64 mtawalia, lakini kwa kiwango hicho mashine hujaa haraka na kuwa nzito. GB 8 na diski ya SSD zinafaa zaidi. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama Oktoba 14, 2025.

Mwisho, chomoa chaja, fungua eCitizen, piga simu ya video, bonyeza kila kitufe na ujaribu kila tundu la USB.

Usiondoke bila risiti na muda wa waranti ulioandikwa.