Mhandisi Aliyepanda Chombo Alichokibuni

Jina la Yuri Gagarin, aliyekuwa binadamu wa kwanza kuizunguka dunia hapo tarehe 12 Aprili 1961, halihitaji kutambulishwa. Ni wachache mno wanaomjua Konstantin Feoktistov, mhandisi aliyekuwa mstari wa mbele katika kubuni chombo kilichombeba Gagarin, na ambaye baadaye aliketi mwenyewe ndani ya chombo cha namna hiyo.

Feoktistov alizaliwa tarehe 7 Februari 1926 katika mji wa Voronezh, nchini Urusi. Majeshi ya Wajerumani yalipoufikia mji huo mwaka 1942, yeye alikuwa kijana wa miaka 16. Alijiunga na jeshi la nchi yake, akawa akitumwa kupenya katika mitaa iliyotekwa ili kupeleleza mahali walipo adui. Safari kadhaa alirudi salama. Siku moja alikamatwa, na ofisa wa Kijerumani akampiga risasi kwa karibu. Ikaingia kidevuni na kutokea shingoni. Aliangukia shimoni, akaachwa akidhaniwa amekufa. Giza lilipoingia alijikokota hadi upande wa wenzake. Askari yeyote anayejua maana ya jeraha la shingo ataelewa kwamba maisha yote yaliyofuata yalikuwa kama ya kuongezewa.

Mwaka 1949 alihitimu katika Chuo cha Ufundi cha Bauman mjini Moscow, na mwaka 1957 akaingia katika karakana ya Sergei Korolev, bingwa wa roketi wa Kisovieti. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kumpa mwanaanga chumba chenye umbo la tufe. Sehemu moja ya tufe hilo ilifanywa nzito kuliko nyingine, hata lilipokuwa likishuka katika hewa lilijiweka sawa lenyewe, mfano wa kibuyu kilichotiwa mchanga chini. Lakini tufe hilo liligonga ardhi kwa kishindo ambacho mtu hangekistahimili. Kwa hiyo Gagarin alirushwa nje pamoja na kiti chake kabla ya kufika chini, akatua kwa mwavuli wake mwenyewe.

Mwaka 1964 ikaja amri nzito. Marekani ilikuwa ikitayarisha chombo cha watu wawili. Umoja wa Kisovieti ukataka kutangulia kwa kupeleka watatu, na wakati wa kuunda chombo kipya haukuwapo. Watu watatu wangeingiaje katika tufe lililoundwa kwa ajili ya mmoja? Ilibidi kiti cha kurushwa kiondolewe, na mavazi mazito ya kuwakinga wanaanga yaachwe. Iwapo roketi ingeharibika mara tu baada ya kuondoka, hapangekuwa na njia ya kujiokoa. Iwapo hewa ingevuja, hapangekuwa na kinga. Wahandisi walisita, na walikuwa na haki ya kusita. Korolev akadokeza kwamba kiti kimoja kingeweza kupewa mmoja wao.

Feoktistov akaukubali mzigo huo. Jenerali Nikolai Kamanin, msimamizi wa mafunzo ya wanaanga, alimpinga kwa sababu ya afya: macho yake hayakuona mbali, na tumbo lilikuwa na vidonda. Tena hakuwa mwanachama wa chama cha Kikomunisti, jambo la ajabu kwa mtu wa cheo chake. Korolev hakutikisika. Kwa kutua, kiliongezwa kiroketi kidogo cha kupunguza kishindo.

Chombo kisicho na mtu kilijaribiwa tarehe 6 Oktoba. Siku sita tu baadaye, tarehe 12 Oktoba 1964, Voskhod ikaondoka Baikonur ikiwa na kamanda Vladimir Komarov, daktari Boris Yegorov na Feoktistov, wote wamevaa mavazi mepesi. Waliizunguka dunia mara 16 kwa muda wa saa 24 na dakika 17, wakatua salama wakiwa ndani ya chombo chao. Siku ya kwanza walizungumza na kiongozi wa nchi, Nikita Khrushchev. Siku moja baada ya kutua kwao, Khrushchev aliondolewa madarakani. Waliporejea Moscow walipokewa na Leonid Brezhnev.

Tarehe 24 Aprili 1967 Komarov alifariki katika chombo cha Soyuz, mwavuli ulipokataa kufunguka. Feoktistov alikuwa amekwisha kurudi kwenye meza yake ya michoro, akishughulika na vyombo vya Soyuz na baadaye vituo vya angani vya Salyut. Hamu ya kusafiri haikumtoka. Mwaka 1980, akiwa na umri wa miaka 54, alijiandaa kuruka tena katika Soyuz T-3, lakini madaktari wakamzuia, na wenzake wakaondoka bila yeye. Alifariki mjini Moscow tarehe 21 Novemba 2009, akiwa na miaka 83.