Maneno Yaliyofichika Chini ya Chapa: Habari za Daftari la Nyangwe

Maandishi ya kale huweza kuficha maneno kwa njia mbili: wino ukififia, au mwenye kunakili akiacha hili na kulainisha lile. Njia hizi zote twaziona katika maandishi ya Daktari David Livingstone, ambaye jina lake lajulikana sana Ujiji, kwa maana ndipo alipokutana na Stanley mwaka 1871, na ukumbusho wa mkutano huo upo hata leo.

Kabla ya kurudi Ujiji mwaka huo, Livingstone alikaa miezi kadhaa Nyangwe, katika nchi ya Manyema, kando ya mto Lualaba, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Karatasi zilimwishia, na wino pia. Basi alitwaa gazeti kuukuu la London, liitwalo The Standard, akaandika juu yake kwa kuikata mistari iliyochapwa, akitumia wino alioutengeneza kwa mbegu za mmea. Humo alitia habari za tarehe 15 Julai 1871, siku ambayo watu wa wafanya biashara ya watumwa walifyatua bunduki sokoni Nyangwe. Mamia ya watu walikufa, wengi wao wanawake. Wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni. Wafanya biashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Baadaye Livingstone alinakili habari hizo katika kitabu chake kikubwa cha safari, na Machi 1872 akamkabidhi Stanley kitabu hicho akipeleke Uingereza. Mwaka 1874, Livingstone akiwa amekwisha kufa, Horace Waller alizichapisha habari za safari zile. Mambo ya Nyangwe yaliwashtua Waingereza, yakawatia nguvu waliodai biashara ya watumwa ikomeshwe. Nalo soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Lakini lile daftari la magazeti halikusomeka tena vema, kwa kuwa wino wa mbegu ulififia na chapa nyeusi ikabaki. Kwa miaka karibu 140 wasomaji waliitegemea nakala.

Mwaka 2010 wataalamu walioongozwa na Adrian Wisnicki walizipiga picha karatasi hizo mara nyingi, kila mara kwa mwanga wa namna yake, pamoja na mianga ambayo jicho la mtu haliioni. Siri yake ni hii: kila wino hupokea mwanga kwa jinsi yake. Wino wa chapa hubaki mweusi katika kila mwanga; wino wa mmea huonekana katika mmoja na kutoweka katika mwingine. Kompyuta ikizilinganisha picha, huweza kuififiza chapa na kuyakoza maandishi ya mkono. Matokeo yalitolewa hadharani Novemba 2011.

Ilionekana ya kuwa nakala hailingani na asili. Katika daftari, Livingstone aliwalaumu kwa maneno makali watu aliopelekewa kutoka Unguja, ambao walikuwa watumwa wa Mabanyani. Wisnicki alishuku kwamba huenda baadhi yao walishiriki katika ukatili ule, na kwamba Livingstone alilainisha habari alipozinakili. Shaka si hukumu. Lakini hata shaka hiyo isingalipatikana kama karatasi zile chakavu zingalitupwa baada ya kunakiliwa.

Hapa pana fundisho kwa kila aliye na barua za wazee wake. Nyingi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na katika maandishi ya zamani herufi ya be yaweza kusomwa b, p, au mb. Hata neno moja laweza kuwa bata, pata, au mbata. Anayenakili huchagua moja, na mengine mawili hufichika. Basi asiyaguse maandishi yaliyofifia kwa kalamu mpya, wala asiyaanike juani. Na apige picha kwanza, anakili kama aonavyo, aache nafasi pasiposomeka, kisha aiweke asili pamoja na nakala. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari nalo likipotea, hatuna la kuipimia nakala.