Upatanisho wa Kisarufi na Ubongo Ulioumia: Suala la Mgonjwa wa Uvira

Masomo ya uzamili katika sayansi ya ubongo yana pande mbili. Upande wa kwanza ni ule wa utambuzi, yaani namna ubongo unavyokumbuka, unavyozingatia jambo na unavyotumia lugha. Upande wa pili ni ule wa tiba, yaani namna uwezo huo unavyoharibika kwa kiharusi, kifafa, malaria iliyopanda kichwani au pigo la kichwa, na jinsi uharibifu huo unavyopimwa. Mwanafunzi husoma maumbile ya ubongo, usomaji wa picha za ubongo na takwimu, kisha huandika tasnifu. Aghalabu mwanafunzi huyo ni tabibu au mwanasaikolojia. Mwanaisimu huhesabiwa kuwa mgeni katika darasa hilo. Makala haya yanadai kwamba katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika mambo hayana budi kuwa kinyume: pasipo mwanaisimu, tabibu hatajua anachokipima.

Taaluma yenyewe ilianza na lugha. Mwaka 1861, mjini Paris, Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyeweza kutamka silabi moja tu, "tan", ingawa alielewa mengi aliyoambiwa. Alipofariki, ubongo wake ulionekana umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Mwaka 1874 Carl Wernicke alieleza hali iliyo tofauti: wagonjwa wanaosema kwa wepesi lakini maneno yao hayana maana, wala hawaelewi wanayoambiwa. Upotevu huo wa lugha huitwa afasia. Tangu wakati huo ujuzi umeongezeka sana, lakini umeongezeka kwa kutazama lugha chache. Mwaka 1990 Lise Menn na Loraine Obler walihariri mkusanyo mkubwa wa masimulizi ya wagonjwa waliopoteza sarufi. Lugha zilizochunguzwa humo ni 14, na hakuna hata moja ya Kibantu.

Upungufu huo si wa heshima tu. Mgonjwa wa Kiingereza aliyepoteza sarufi hudondosha viambishi na kubakiza maneno matupu, na tabibu huitambua dalili hiyo mara moja. Kiswahili hakimpi mgonjwa nafasi kama hiyo. Katika neno "hatukumwona", mzizi ni -on- peke yake, nao hauwezi kutamkwa kama neno. Hali inayokaribiana na hiyo imeonekana katika Kiebrania, ambamo mzizi ni konsonanti tupu: wagonjwa hawadondoshi, bali hubadilisha umbo moja kwa jingine. Basi yumkini mgonjwa wa Kiswahili naye atabadilisha. Atasema "kitabu yangu" mahali pa "kitabu changu", na mchunguzi ataandika kuwa upatanisho umevurugika.

Hapo ndipo Uvira inapoingia. Mtu mwenye afya kamili, aliyezaliwa Kalundu au Mulongwe, husema "kitabu yangu" kila siku, na anayemsikiliza haoni kasoro. Husema "batoto" na "bintu". Hiyo ni sarufi, tena yenye kanuni zake, ila si ile iliyomo katika vitabu vya Dar es Salaam na Zanzibar. Mchunguzi atakayepima kwa Kiswahili sanifu ataweza kumwona mgonjwa mahali pasipo na ugonjwa. Na akishazoea kusikia "makosa" hayo kwa kila mtu, atampita mgonjwa halisi bila kumtambua. Kosa la pili ni baya zaidi, maana aliyepata kiharusi hurudishwa nyumbani kwa hoja kwamba ndivyo watu wa huko wanavyosema.

Kipimo cha kumbukumbu nacho kina mtego wake. Mgonjwa husomewa tarakimu, kisha huzirudia kwa mpangilio uleule. Tarakimu za Kiswahili, kuanzia moja hadi tisa, zote zina silabi mbili. Za Kifaransa, kuanzia un hadi neuf, hutamkwa kwa silabi moja. Mwaka 1980 Ellis na Hennelly walionyesha kwamba wasemaji wa Kiwelisi walikumbuka tarakimu chache zaidi katika lugha yao kuliko katika Kiingereza, kwa sababu zile za Kiwelisi huchukua muda mrefu kuzitamka. Kwa hiyo kiwango kilichowekwa kwa Kifaransa hakiwezi kuhamishiwa katika Kiswahili vivi hivi. Wala si dawa kumpima mwalimu wa Uvira kwa Kifaransa, lugha aliyojifunzia shuleni, ilhali nyumbani huenda anasema Kifuliiru, Kivira au Kibembe.

Ugumu kama huo umo katika jaribio la kutaja, kwa dakika moja, maneno yanayoanza na herufi fulani. Herufi "m" humpa Mswahili ngeli nzima ya watu: mkulima, mvuvi, mwalimu. Afadhali kutaja vitu vya jamii moja. Lakini mvuvi wa Kalundu akiulizwa samaki ataanza na ndakala, mukeke na kuhe, na huenda akamshinda daktari anayempima. Mfanyabiashara wa vitenge hataweza.

Njia ya kutokea ipo, na imekwisha kujaribiwa katika Afrika Mashariki. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walichunguzwa mnamo 2009 na 2010 ili kujua kiasi cha ugonjwa wa kusahau uzeeni. Baadaye ikaundwa huko hojaji fupi inayomfaa hata asiyejua kusoma: badala ya kuchora kwa kalamu, mzee hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata umbo analoonyeshwa.

Tasnifu ya uzamili inayohusu Uvira ingeweza kuanza na kazi ndogo kuliko hiyo: kurekodi masimulizi ya watu wazima wasio na ugonjwa, kwa kuzingatia umri, kazi, kiasi cha elimu na lugha ya nyumbani, kisha kuhesabu ni mara ngapi upatanisho wa aina ya "kitabu yangu" hutokea na katika ngeli zipi. Kazi hiyo haihitaji mashine ya picha za ubongo. Inahitaji kinasa sauti, subira, na mtu aliyefunzwa kuchanganua ngeli.