Cheti cha Usimamizi wa Miradi: Tufanye au Tungoje?

Pale Sonatubes, Kigali, barabara za Remera, Kicukiro na katikati ya mji hukutana. Mhitimu wa Kiswahili anayetafuta kazi katika miradi naye yuko njia panda: afanye mtihani wa cheti cha PMP au angoje?

PMP hutolewa na taasisi ya PMI ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1969. Mwenye shahada hutakiwa awe ameongoza miradi kwa miezi 36 na kupata saa 35 za mafunzo. Asiye na uzoefu anaweza kuanza na CAPM, inayodai saa 23 za mafunzo. Mtihani wa PMP haupo kwa Kiswahili; kwa Kifaransa upo.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada, hesabu miezi yako, kisha soma matangazo ya kazi unazozitaka. Yasipotaja cheti, tafuta uzoefu kwanza.