Programu za bure za kompyuta: zipi ni salama, na unazipataje ukiwa kijijini

Ukinunua laptopu iliyotumika, fundi atakuuliza: "Nikupigie Windows na Office?" Ukikubali, unalipa pesa kidogo na unaondoka na kompyuta inayowaka, yenye Word na Excel. Mara nyingi hakuambii kwamba programu hizo huuzwa, na kwamba ili zifanye kazi bila kulipiwa ametumia programu nyingine ndogo ya kuvunja kufuli lake. Mafundi huiita kraki.

Kwa mfano, katibu wa kikoba katika kata ya Mgwashi, Bumbuli, ameweka kwenye laptopu kama hiyo hesabu za wanachama 30: hisa, mikopo, riba na faini. Mkutano wa kugawana umekaribia. Anachomeka flashi ili akachapishe orodha steshenari, na akiifungua anakuta mafaili yote yamegeuka vialama vidogo visivyofunguka. Ni virusi. Kama hana nakala nyingine wala daftari, kikundi kizima kitabishana kuhusu nani alilipa na nani bado.

Hasara ya namna hii inaweza kupunguzwa sana bila kutoa hata shilingi ya programu. Katika makala haya tunaeleza programu tano ambazo ni za bure kihalali, zina kazi gani, na unazipataje kwa simu uliyonayo.

Kwa nini kraki ni hatari

Kraki nyingi hukutaka uzime kwanza kinga ya virusi ndipo zifanye kazi. Ni sawa na mgeni anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia. Hujui ndani yake mna nini, na aliyeitengeneza hana jina wala anwani. Zaidi ya hapo, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ya Tanzania inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na nyimbo. Kutumia programu ya kuuzwa bila leseni ni kuvunja sheria, hata kama kila steshenari inafanya hivyo.

Programu huria ni nini

Mkulima anajua tofauti ya mbegu. Mahindi chotara unanunua kila msimu. Maharage ya asili unavuna, unaweka akiba, unampa jirani, na ukipenda unachagua yale yanayostahimili baridi ya kwako. Hakuna anayekudai.

Programu huria ni kama hayo maharage. Waliozitengeneza wameweka wazi maandishi yanayoziendesha, na leseni yao inamruhusu kila mtu kuzitumia, kuzinakili, kumgawia mwenzake na hata kuzibadilisha. Kwa kuwa maandishi yako wazi, wataalamu wa nchi mbalimbali huyakagua na kurekebisha makosa.

Si kila kitu cha bure ni huria. Kuna programu nyingi za bure zinazojilipa kwa matangazo au kwa taarifa zako.

Tanzania ina historia katika jambo hili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi yenye vitufe na maelekezo ya Kiswahili. Ilikuwa kazi ya mradi ulioitwa Kilinux. Waliitafsiri bila kumwomba mtu ruhusa, kwa sababu leseni ya OpenOffice ilikwisha kuwaruhusu.

Programu tano za kuanzia

1. LibreOffice, kwa barua na hesabu. Ilitokana na OpenOffice hiyo hiyo mwaka 2010. Ndani yake kuna Writer ya kuandikia barua na mihtasari ya vikao, na Calc ya hesabu. Inafungua mafaili ya Word na Excel. Kwa kikoba, andika majina safu ya A na hisa safu ya C kuanzia mstari wa pili, kisha chini yake andika =SUM(C2:C31); itajumlisha hisa za wanachama 30 yenyewe. Unaweza pia kuliwekea faili nywila, na kulitoa kama PDF ukawatumia wanachama kwa WhatsApp. Wataliona kwenye simu bila kuweza kubadilisha tarakimu kirahisi.

2. VLC, kwa video na sauti. Inacheza karibu kila aina ya faili. Ilianzishwa na wanafunzi wa chuo kimoja cha uhandisi nchini Ufaransa. Ipo pia kwa simu za Android.

3. 7-Zip, kwa mafaili yaliyobanwa. Ukitumiwa faili la zip au rar lisilofunguka, hii hulifungua. Ni ndogo sana, haifiki hata MB 5.

4. Kiwix, kwa kusoma bila intaneti. Unapakua Wikipedia ya Kiswahili mara moja, ukaisoma popote bila bando. Wikipedia nzima ya Kiingereza yenye picha inazidi GB 100, lakini ya Kiswahili inaenea kwenye flashi ya kawaida. Kwa shule isiyo na mtandao wa uhakika, kompyuta moja yenye Kiwix ni maktaba. Nayo ipo kwa Android.

5. Linux Mint, badala ya Windows yenyewe. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Kompyuta hizo hazijafa. Linux Mint inahitaji kumbukumbu ya RAM ya GB 2 tu, ingawa GB 4 ni bora, na nafasi ya GB 20 kwenye diski. Kama mashine ni nzito, chagua toleo la Xfce ambalo ni jepesi. LibreOffice huja nayo tayari. Virusi vingi vinavyosambaa kwa flashi vilitengenezwa kwa ajili ya Windows, kwa hiyo humu havipati pa kufanyia kazi.

Unazipataje

Pakua kutoka kwa wenyewe tu: libreoffice.org, videolan.org kwa VLC, 7-zip.org, kiwix.org na linuxmint.com. Andika anwani mwenyewe, usibonyeze tangazo la kwanza linalotokea unapotafuta, kwa sababu wapo wanaoiga majina haya. Tovuti ya kweli haitakudai pesa ndipo upakue; ikikuomba mchango, ni hiari.

LibreOffice ni kama MB 350, na Linux Mint inakaribia GB 3. Kwa hiyo tumia bando la usiku, au subiri siku unayokwenda Soni au Lushoto mjini kwenye mtandao mzuri. Unaweza kupakua kwa simu, ukachagua faili la Windows na si la Android, kisha ukalihamishia kwenye kompyuta kwa waya wa kuchajia.

Njia rahisi zaidi ni ushirika. Mtu mmoja apakue, wengine wanakili kwa flashi. Kwa programu hizi si wizi, leseni inaruhusu. Mwenye steshenari anaweza kuziweka kwenye kompyuta za wateja na kutoza ufundi wake kihalali.

Mambo ya kujua kabla

Hatutaki uanze kwa matumaini makubwa kisha ukate tamaa. Vitufe vya LibreOffice vimepangwa tofauti na vya Word, hivyo siku za kwanza utatafuta. Barua yenye majedwali mengi iliyotengenezwa kwa Word inaweza kusogea kidogo. Ichapishe kutoka PDF. Printa nyingine za zamani hugoma kwenye Linux.

Kwa sababu hiyo usianze na Linux. Anza na LibreOffice ndani ya Windows uliyo nayo, itumie mwezi mmoja. Ukiizoea, mwombe fundi akuwekee Linux Mint kwenye flashi ya GB 8 au zaidi, uiwashe kutoka kwenye flashi hiyo na kuijaribu bila kugusa kilichomo kwenye kompyuta. Jaribu na printa yako. Ukiridhika ndipo uiweke moja kwa moja, baada ya kunakili mafaili yako yote pembeni, maana kuiweka kunaweza kufuta kila kitu kilichokuwamo.

Na programu yoyote utakayochagua, haitakuokoa kama una nakala moja tu. Tukirudi kwa katibu wetu: kila baada ya mkutano, hesabu za kikoba ziwe kwenye kompyuta, kwenye flashi inayokaa kwa mweka hazina, na kama PDF kwenye simu za viongozi wawili. Daftari la karatasi liendelee. Siku laptopu ikigoma asubuhi ya kugawana, mkutano utaendelea kama kawaida.