Zinki ya baharini haifai Kilombero

Mtu akinunua Dar es Salaam injini ya boti iliyokwisha kutumika, akaipakia kwenye lori hadi Ifakara na kuifunga kwenye boti yake ya mto Kilombero, hukagua plagi, mafuta na pangaboi. Kipande cha kijivu kilichokazwa kwa bolti jirani na pangaboi hana habari nacho. Na ikitokea akakitazama baada ya mwaka, akakikuta kizima, hushukuru. Wasikilizaji wapenzi, hapo ndipo penye kasoro, kwani kipande kile kimewekwa pale ili kiliwe.

Mafundi wa pwani hukiita zinki tu. Jina la kitaalamu ni anodi ya kafara, nalo linaeleza kazi yake. Metali mbili tofauti zikigusana huku zote zimezama katika maji ya chumvi, umeme mdogo hupita kati yake, na iliyo nyonge huliwa taratibu badala ya mwenzake. Chuma ni kinyonge mbele ya shaba, na zinki ni nyonge mbele ya chuma. Kwa hiyo boti ya chuma yenye pangaboi la shaba, isipofungwa zinki, hujila yenyewe. Mabati yaliyopakwa zinki hufanya kazi hiyo hiyo juu ya paa: yakikwaruzwa, chuma kilichofichuka hakishiki kutu upesi, kwa sababu zinki ya kando yake hutangulia kuliwa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1824 mwanasayansi wa Uingereza, Humphry Davy, aliwashauri wanamaji wa nchi yake wafunge vipande vya chuma au zinki kwenye manowari za mbao zilizovalishwa shaba. Shaba ikaacha kuliwa, kama alivyosema. Lakini makombe na majani ya baharini yakaota juu yake kwa wingi, maana sumu iliyokuwa ikiyafukuza ilitokana na huko kuliwa kwenyewe! Manowari zikawa nzito, mpango ukaachwa.

Sasa turudi mtoni. Kilombero hukutana na Luwegu kwenye maporomoko ya Shuguri, ukawa Rufiji, ambao humwaga maji yake kupitia mikoko ya delta mkabala na kisiwa cha Mafia. Sisi tunaona mto mmoja, lakini anodi huona maji ya aina tatu. Baharini, zinki inafaa. Katika delta, ambako chumvi na maji baridi huchanganyika, aluminiamu iliyochanganywa maalumu kwa kazi hiyo ni bora zaidi. Huku juu Ifakara, kwenye maji baridi, inatakiwa magnesiamu. Maji baridi hayapitishi umeme vizuri, na zinki ikikaa humo hujifunika ukoko, ikalala. Magnesiamu ina nguvu ya kutosha kufanya kazi humo, ila ukiipeleka Mafia itaisha upesi mno.

Ni kweli kwamba maji ya mto hayali chuma kwa kasi ya bahari. Lakini boti hushinda majini miezi mingi, na injini ni mali kubwa.

Kukagua si kazi kubwa. Chombo kikipandishwa nchi kavu, tazama anodi zote: za ubavuni, ya kwenye shafti, ya usukani. Vidonda na mashimo ni dalili njema. Ikiwa imeliwa nusu, badilisha; ikiisha kabisa, zamu ni ya pangaboi. Ikiwa ingali kama ilivyotoka dukani, ama haigusani vizuri na metali inayopaswa kuilinda, ama iko katika maji yasiyo yake, ama imepakwa rangi. Hili la rangi linaudhi. Kijana hutumwa apake boti, naye hupaka kila akionacho, na anodi iliyofunikwa rangi haina kazi yoyote isipokuwa kuongeza uzito.

Unapofunga mpya, sugua mahali pake kwa msasa mpaka metali ing'ae, usiweke grisi wala rangi katikati, kisha kaza bolti sawasawa. Fundi mwenye mita ya umeme apime kati ya anodi na metali inayolindwa: ukinzani uwe karibu na sifuri. Na kama anodi iliyozoea kudumu mwaka sasa inaisha kwa wiki chache, usikimbilie kununua kubwa zaidi. Tafuta waya wa betri unaovujisha umeme majini.

Wasio na boti nao wanayo anodi, pengine bila kujua. Hita ya maji ya tangi iliyoko bafuni kwa kawaida ina fimbo ya magnesiamu ndani, inayolinda tangi la chuma lisitoboke. Zima umeme, funga maji, mwite fundi aichomoe na kuitazama. Ikiwa umebaki waya mtupu wa katikati, nunua nyingine kabla tangi halijaanza kuvuja.