Rashidi Kawawa: Karani Aliyeacha Mshahara wa Serikali

Mwaka 1955 wakulima wa milima yetu ya Uluguru walikataa kulazimishwa na wakoloni kuchimba matuta ya ngazi. Mwaka huo huo wafanyakazi nao waliungana. Walianzisha Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi wa Tanganyika, yaani TFL. Katibu Mkuu wake wa kwanza alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa.

Kawawa alizaliwa mwaka 1926 katika Wilaya ya Songea. Alisoma Tabora, kisha akawa karani wa serikali. Baadaye alifanya kazi ya maendeleo ya jamii. Alicheza hata sinema. Moja iliitwa Muhogo Mchungu.

Kwa nini wafanyakazi walitaka umoja? Fikiri juu ya mashamba ya mkonge ya Kimamba. Mfanyakazi alipewa kadi iliyoitwa kipande. Alilipwa mshahara akimaliza siku 30 za kazi. Mtu mmoja akilalamika, ni rahisi kumfukuza. Watu wote wakisema pamoja, tajiri hana budi kusikiliza.

Serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake Waafrika kuingia katika siasa. Kawawa alipaswa kuchagua. Mwaka 1956 aliacha kazi ya serikali na mshahara wake. Akawatumikia wafanyakazi na TANU.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Januari 1962 Mwalimu Nyerere alijiuzulu Uwaziri Mkuu ili aimarishe TANU. Kawawa akashika nafasi yake.

Hapo palikuwa na jambo gumu. Kiongozi wa wafanyakazi sasa aliongoza serikali. Mwaka huo huo sheria mpya ilibana migomo. Baadhi ya wenzake wa zamani waliipinga. Walisema haki yao imepunguzwa. Serikali ilisema nchi changa haiwezi kujengwa kazi zikisimama. Mwaka 1964 TFL ilivunjwa, kikaundwa chama kimoja, NUTA.

Kawawa alikuwa Waziri Mkuu tena tangu 1972 hadi 1977. Watu walimwita Simba wa Vita. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009.

Ndugu msomaji, maisha haya yana fundisho. Ukimchagua mwenzako kuongoza ushirika wenu wa mboga, kazi yako haijaisha. Akipanda cheo, ataona mambo ya upande wa pili pia. Basi hudhuria mikutano. Soma hesabu. Uliza maswali. Sasa unajua kusoma. Hakuna wa kukusomea hesabu kwa uongo.

Jadilianeni: Je, sheria ile ya 1962 ilikuwa ya haki? Kwa nini?